Mchezo wa Kisimba Umekwama, Baba Anataka Kurudisha Mbuzi

Mpendwa Mama Zaituni,

Ninakuomba unisaidie kabla ya Jumapili, kwa sababu Jumapili baba anarudisha mbuzi, na mbuzi akirudi basi na ndoa imerudi, na mimi sijui nilie au nicheke maana chanzo cha yote haya ni mashine ya kuchezea mpira kwenye televisheni.

Mchumba wangu ni Kisimba, nilitaka kumficha kwa jina la uongo lakini hata ningemwita Petro watu wa Kamina wangemjua, kwa sababu yeye na mwenzake aitwaye Mwanza ndio wenye ule ukumbi wa michezo karibu na reli, mabenchi mawili, televisheni moja na mashine kongwe iliyoingia mjini ikiwa imeshatumika, ambako vijana wanacheza mpira kwa vidole na kupiga kelele kama wanaocheza kwa miguu. Ni mtu mzuri, Mama Zaituni, hanywi, hagombani, na mimi nampenda, naandika wazi, nampenda. Alileta mbuzi wa kujitambulisha, baba akampokea, tukapanga siku ya wazee wake kukaa na wazee wetu kumaliza maneno ya mahari, halafu shangazi yangu mkubwa akakumbuka kwamba kitambaa chake cha kichwa hakikutajwa, basi siku ikasogezwa na wazee wakakaa upya kwa ajili ya kile kitambaa, na kwetu mtu hawezi kusimama akasema "ongeza kitambaa" kisha akaketi, hapana, ilibidi waanze kwenye salamu na sala, wataje mbuzi, wataje majembe, blanketi, suti ya baba, sufuria za mama, kila kimoja kinatajwa na kuitikiwa, mpaka wafike kwenye kitambaa na mchana umekwisha. Mara ya pili shangazi mdogo naye akataka viatu, tukaanza tena kwenye salamu.

Ndipo ikafika Jumamosi iliyopita, siku ya kufunga maneno. Wazee wameketi, bukari, ugali wetu, imesongwa, samaki wa ziwa Kisale yuko tayari, wajomba wa Kisimba wamefika na makoti yao, Kisimba mwenyewe hayupo. Nikampigia simu. Akanijibu, "Nathalie, minyi niko nakuya sasa hivi. Iko mise à jour ya mchezo, kitu kidogo sana, imeshamaliza kushuka." Mise à jour ni pale mchezo unapoletewa mambo mapya kutoka kwenye mtandao, wachezaji waliohama timu wavalishwe jezi zao mpya na makosa ya zamani yarekebishwe. Nikamwamini. Nikapiga tena, akasema mashine inapanga, bado kidogo. Kila nikipiga ni bado kidogo, na ukubwa wa hicho kitu alishanitajia, nikaona ni kidogo kuliko video ya harusi ya binamu yangu, ambayo simu yangu iliishusha kabla sijamaliza kumenya mihogo ya jioni!

Baba akakasirika, akamtuma mama akaone kwa macho yake. Mama akachukua beseni lake la karanga akaenda. Sasa unajua kwetu sisi Baluba mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja wala hawatazamani usoni, ni heshima, kwa hiyo mama alipotokea mlango wa mbele Kisimba akatokea mlango wa nyuma, akasimama uani nyuma ya ukuta kama mwizi wa kuku. Mama akaketi mbele ya televisheni na kutazama, namba imeandikwa asilimia sitini na tatu. Akabambua karanga beseni zima. Namba ikawa sitini na nne. Mwanza, ambaye alikuwa pale tangu asubuhi akitunza jenereta, akaona aibu mama wa watu kukaa kwenye joto bila upepo, akamchomekea feni. Kile kijenereta kikakohoa, kikazima, na mashine ikazima nacho. Walipowasha, namba ikaanza upya kwenye moja.

Mama akarudi akamwambia baba, "Papa Nyembo, niliona na macho yangu, ile kitu haitembeye. Ilipanda mara moja, kiisha ikarudia nyuma." Baba akapiga meza. "Kitu kidogo hakiwezi kumaliza siku muzima! Huyu kijana iko anatudanganya. Iko na bibi ingine, njo maana. Siku ya yenga mbuzi inarudia kwabo." Yenga ndiyo hiyo Jumapili.

Kisimba alifika wazee wakiwa wameshaondoka, suti imejaa vumbi. Mama Zaituni, niambie ukweli, kitu kidogo namna hiyo kinaweza kweli kuchukua siku nzima? Au baba amesema kweli, na mimi ndiye mjinga wa mwisho kujua?

Mimi Nathalie, Kamina.

*

Nathalie mwanangu,

Futa machozi, umpe mbuzi majani, na usimfungue kamba mpaka umalize kusoma.

Kwanza tumalize mambo ya mashine, maana kuna mtu amesingiziwa. Mimi nina duka la kuchapisha karatasi hapa mjini, na ordinateri yangu, yaani kompyuta, ni ya umri wa mashine ya Kisimba. Nimeshakaa mbele ya hizo asilimia nikihesabu mbu. Kisimba amesema kweli. Kilichoshuka kutoka kwenye mtandao kilikuwa kidogo. Lakini kushuka si kazi. Kazi inaanza baada ya pale.

Unataka kujua kwa nini? Muulize shangazi yako mkubwa na kitambaa chake. Kitambaa chenyewe kina uzito gani? Mtoto anakibeba kwa kidole. Lakini ili kiingie kwenye maneno ya mahari, wazee walirudi kwenye salamu, wakataja kila kitu kilichokuwa kimeshatajwa, wakaitikia, na mchana ukaisha. Mashine nayo inafanya hivyo hivyo. Mchezo ni mkubwa sana, na umefungwa pamoja katika mafurushi makubwa. Huwezi kupenyeza kipande kipya katikati. Mashine inachukua furushi zima, inaliandika upya pembeni tangu mwanzo, ikifika penye jezi ya zamani inaweka mpya, inaendelea mpaka mwisho, inakagua kama hakuna kilichoharibika, ndipo inafuta lile la kwanza. Mchezo mzima unanakiliwa kwa ajili ya jezi za watu wachache! Na kwenye mashine kongwe, inayoandika kwa diski ya kuzunguka, sitini na tatu kwenda sitini na nne ni safari. Simu yako ilipokea video na kuiweka chini, basi. Haikuombwa kushona kitu ndani ya kitu.

Kuhusu feni, wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Siku ile mgeni alikuja na mwenyeji akazimikiwa. Mashine ikikatiwa umeme katikati ya kazi hiyo haijui ilipofikia, inaona heri ianze upya. Kwa hiyo nusu ya siku aliyopoteza Kisimba aliipoteza kwa heshima ya mama yako. Mama amweleze baba jambo hilo kwa kinywa chake mwenyewe, na aitaje feni. Hakuna bibi mwingine hapo.

Umefurahi? Usifurahi upesi. Sasa namshika Kisimba.

Kijana huyu analala na kuamka na mashine hiyo. Mara ngapi ameshaiona ikijinakili? Anajua kabisa kwamba "bado kidogo" yake ni mchana mzima, na kila ulipompigia alikuambia alichotamani, si alichokijua. Angekuambia mara ya kwanza kwamba haitaisha leo, baba yako angefoka, angekula samaki, na kesho yake angesahau. Tena vijana wawili wakiketi benchi moja wanacheza mpira bila hizo jezi mpya. Mashine inauliza kama ianze sasa au baadaye, na kila mtu mwenye ukumbi anajua kubonyeza baadaye. Kwa nini hakubonyeza, siku ya mahari yake?

Halafu wewe mwenyewe umeandika jambo na ukalipita mbio. Mwanza alikuwa pale tangu asubuhi. Jenereta lilikuwa na mtu wake! Mashine ile haihitaji kushikwa mkono. Ikishaanza kazi inamaliza yenyewe, utazame usitazame. Basi Kisimba alikuwa anafanya nini pale amevaa suti?

Nitakuambia, na uniwie radhi kama inauma. Alikuwa anaogopa. Hakuogopa kukuoa. Aliogopa kuketi mbele ya ukoo wako akasikia shangazi wa tatu akikohoa kabla ya kusema. Ameshakaa mara ya kitambaa, ameshakaa mara ya viatu, na kila mara maneno yanarudi kwenye salamu. Akapata namba ya kutazama, inayopanda polepole lakini inapanda, akaishikilia. Simsamehe, maana asiyekuwepo na lake halipo, na siku ile lililokuwa lake lilikuwa wewe. Lakini ninamwelewa, na wewe mwelewe. Nawe pia una lako: ulipiga simu tena na tena badala ya kwenda, ukamwacha mama yako aende, mtu pekee katika Kamina ambaye Kisimba hawezi kumtazama usoni!

Sasa fanya hivi. Leo hii nenda kwa mashangazi zako, wote wakiwa pamoja, uwaambie maneno ya mahari yamefungwa, na anayetaka kuongeza hata kifungo cha shati aongeze baada ya harusi, kwa mkono wake. Wakinuna, wanune. Kesho Kisimba aende kwa baba yako na mjomba wake mmoja, na asitaje mashine wala asilimia, aseme tu, "Papa, nilikosa kukuya, na niliogopa." Baba anayejua kupiga meza anajua pia mtu anayesema kweli akimwona. Akishamaliza kusema, waombe siku nyingine palepale, na isiwe mbali.

Siku hiyo ikifika na saa ikipita, usishike simu. Nenda kwa miguu yako. Ukimkuta ameketi mbele ya namba, mwache Mwanza na jenereta lake, zima televisheni, televisheni tu, maana mashine itaendelea na kazi yake gizani bila mtu kuitazama, kisha umshike Kisimba mkono wa koti umwambie, "Simama, bantu banakungoja." Akisimama, umepata mume. Akiiwasha televisheni tena, mfungue mbuzi wewe mwenyewe, usimsubiri baba.