Jani la Mama Aika

Mwanangu Rehema, hujambo wewe na wajukuu zangu? Mimi nimefika Kibosho salama, ila baridi! Ngoja nikuambie. Mama Aika, yule rafiki yangu wa barua tuliyelazwa naye wodi moja nilipokuzaa, kanipokea getini. Hata sijakaa, akaniuliza, "Dada, ulinisamehe?"

"Kosa gani tena?"

"Kutokuja kumzika mume wako. Si nilikuwekea jani la isale kwenye barua?"

Jamani! Lile jani refu nililodhani dawa ya tumbo! "Mama Aika, nililichemsha nikanywa!"

Alicheka mpaka akakaa chini kwenye migomba. Kumbe kwao ukimpa mtu isale unamwomba msamaha. Miaka miwili mwenzangu anafungua barua zangu akitafuta jibu, na mimi namwandikia habari za mvua na mbuzi! Nikamkumbatia, nikamwambia sikumkasirikia hata siku moja. Tukalia, ndipo tukala mtori.

Watoto wavae sweta asubuhi. Nawe ukiwa na neno moyoni juu yangu, mwanangu, niandikie kwa maneno.

Mama yako, nakupenda sana.