Neno Walilompa Tluway

Jumatatu, 3 Novemba
Umekaa kimya tangu mavuno, bibi wee. Herufi umezipata kisomoni kichwa kimeshaota mvi, halafu daftari unaliachia panya. Shika kalamu.
Ng'ombe wamekunywa. Maharage jikoni. Tluway hajatoka ndani. Mwanangu huyu alikuwa na uvimbe, hospitali wakamtoa mapumbu yote mawili. Ama hayo, ama kaburi. Mimi nilisema toeni.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimejua kwa nini hatoki. Boay, jirani yetu, kwenye pombe, mbele ya wanaume: "Karibu, maksai! Lini tukufunge jembe?" Maksai, dume lililohasiwa. Wakacheka. Tluway akaweka kata chini, akarudi nyumbani. Tangu hapo hagusi ugali. Watoto wake watatu, Neema na wadogo zake, wanachungulia mlangoni. Nina hasira.

Jumapili, 9 Novemba
Kanisani wamesoma habari ya towashi. Vijana wa kwaya wakafinyana. Nikamuuliza katekista pale pale, towashi ni nini? "Ni ofisa wa malkia, bibi." Muongo. Nikamngoja nje. Akasema kweli, macho chini. Wafalme wa zamani walihasi watoto wa kiume, wengi watumwa, wapate walinzi wa wake zao. Hawakuulizwa. Waliwakata, wakawapa jina, kisha jina likawa tusi.


Jumatano, 12 Novemba
Mvua. Udongo umelainika. Boay kaja kuazima maksai wetu. Kwetu mvua ikinyesha hanyimwi mtu ng'ombe wa kulimia, hata adui. Nimemnyima. Nikaziba mlango wa zizi.
"Kalime na ulimi wako, ni mrefu."
"Bibi, ulikuwa utani tu."
"Utani una watu wake. Wewe na mwanangu mna utani gani?"
Mlango wa nyumba ukalia. Tluway. Amekonda, Mungu wangu. Hakumtazama Boay. Akachukua nira, akawafunga ng'ombe mwenyewe.
"Mama, watoto wake watakula nini?"
Nikampisha.

Alhamisi, 13 Novemba
Shamba la Boay limekwisha kulimwa. Boay kashika jembe, Tluway kawaongoza ng'ombe. Jioni Boay kamsindikiza mpaka uani, kamwita Baba Neema, kama zamani. Sauti ndogo. Nimesikia.
Tluway amekula. Ameomba na maziwa.
Ukirudi humu, bibi, andika mahindi yameotaje. Mwili wa mwanangu uuache. Ni wake.