Upanga wa Babu Nilioung'arisha

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla ya Jumamosi. Mimi ni bibi harusi wa wiki tano hapa Nyasubi, na kila asubuhi namshukuru Mungu kwa kunipa Ndaki, maana mwanamume huyu hunichotea maji mwenyewe, majirani wakimcheka anawajibu, "Chekeni tu, mke ni wangu," nami moyo unayeyuka, na mama mkwe naye ananipenda, hata siku ya harusi alitukabidhi upanga wa marehemu babu yake Ndaki, upanga wa ajabu, umepinda nchani kama mundu lakini una makali pande zote mbili, na mpini umezungushiwa waya wa shaba. Babu alifika Ushetu akiwa kijana, peke yake na upanga huo, akafa bila kusema kwao ni wapi. Ndaki anaamini alama zilizochongwa juujuu kwenye bapa, pande zote mbili, zitamwonyesha, na Jumamosi anamleta mzee Mabula, mhunzi wa Geita, aziangalie. Sasa mimi kwa furaha nikataka mgeni aukute unang'aa, si unajua huku bibi harusi hupimwa kwa sufuria zake, nikachukua majivu na mchanga nikasugua upande mmoja, kutu ikatoka, na alama zikatoka nayo! Mama mkwe akabisha hodi, nikauficha chini ya godoro. Ndaki akiuliza, nasema nimeutunza. Je, nimemfutia ukoo wake?
Vumilia, Kahama

Vumilia, hongera kwa ndoa, na mshukuru mama mkwe kwa kubisha hodi mapema: upande wa pili umepona. Weka majivu chini! Upanga si sufuria. Mimi siwezi kukuambia ulitoka wapi kwa kusoma barua. Panga zilibebwa mbali na kubadilishwa mikono, na ncha iliyopinda peke yake haitoshi. Mhunzi ataangalia pia mpini ulivyoshikizwa na waya ulivyosukwa, kwa hiyo usiusugue tena, wala usiupake mafuta. Mwombe mama mkwe achore alama anazozikumbuka. Ameishi nao miaka mingi.

Lakini kulalia siri na mume anayekuchotea maji, mwanangu, hapana. Leo akirudi, utoe, mwambie, "Mume wangu, nimeusugua." Atanuna. Mwache anune. Na Jumamosi usijifiche jikoni. Kaa karibu na mzee Mabula, uchukue kalamu, umchoree ule upande uliofutika, maana wa mwisho kuuona ni wewe.