Mzima, Pita

Mpendwa Mama Nasra,

Salaam aleikum huko uliko. Tumefundishwa kuwasalimu wenyeji wa makaburi tunapopita, nami hupita kila nikienda kupakia mizigo, lakini salamu ya mtu aliyeshika usukani haina uzito. Leo nimekaa chini. Utaona sikuanza kama barua za zamani zilivyoanza, mimi mzima na hofu ni kwako tu. Neno hilo nimeliweka kando kwanza, nitalifikia.

Barua naiacha wazi. Wazazi wenzako wa shule waisome wakitaka, maana nusu ya maneno haya ni yao. Nusu nyingine ni ule ugomvi wetu ambao hatukuumaliza, na ambao bado naamini mimi ndiye niliyekuwa na haki.

Unakumbuka asubuhi ile shule zilipofunguliwa, baada ya miezi ya korona watoto wakizurura mtaani? Nilikuleta na lori, wewe na Nasra mmekaa mbele, umevaa barakoa uliyoshona kwa kitambaa kilichobaki kwenye mapazia ya sebuleni. Nilikuuliza kama sasa nikutundike dirishani. Hukucheka. Ulikuwa unaangalia lango.

Langoni alisimama mlinzi na kipima joto kile chenye umbo la bastola. Alikuwa ameagizwa akielekeze kwenye paji la uso la kila mtoto, na mtu wa watu akafanya alivyoagizwa. Pengine nchi nyingine jambo hilo lingepita bila neno. Hapa Isiolo tuna watoto waliojua bunduki kabla ya kujua kalamu.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Akiru, yule msichana wa Kiturkana wa darasa la tatu. Wewe ulimjua, mimi sikumjua. Ni wewe uliyeniambia baadaye kwamba baba yake aliuawa na wezi wa mifugo upande wa Oldonyiro, na yeye akiona, ndipo nyanya yake akamleta mjini. Mlinzi alipoinua mkono, mtoto hakulia wala hakukimbia. Alipiga magoti mavumbini, akafumba macho, akaweka mikono kichwani.

Kisha nyanya yake akapaza sauti kwa Kiturkana, na kina mama wa Kiborana na Kisomali waliokuwa nyuma, ambao hawakujua hata neno moja la lugha ile, wakaelewa yote. Wakaanza kuwavuta watoto wao kutoka kwenye mstari. Mzee mmoja akamwinulia mlinzi fimbo. Mwalimu mkuu, yule mama Mmeru mpole, akawa anarudia kwamba amri ni amri, asiyepimwa haingii. Nilikuambia tupande gari twende nyumbani, hapa kutamwagika damu. Ukanipa mkoba wako niushike.

Ulimnyang'anya mlinzi kile kidude. Ukachuchumaa mbele ya mtoto, na buibui lako jipya likafagia vumbi, ukamwekea kipima joto mikononi.

"Nipime mimi kwanza," ukamwambia. "Hapa mkononi. Uso uachane nao."

Alichukua muda mrefu. Watu walikuwa wamesimama kama walivyo, na fimbo ya mzee bado iko juu. Mwishowe Akiru akakishika kwa mikono miwili, akabonyeza, akasoma kwa sauti ndogo kwamba ni thelathini na sita na kitu. Ukamuuliza maana yake nini. Hakujua. Ukamwambia maana yake ni kwamba wewe ni mzima, sasa akupe ruhusa uingie, kwa sababu leo yeye ndiye mwenye lango.

"Mzima," akasema. "Pita."

Ukapita. Ukageuka, ukamwomba mkono wake, ukampima, ukamwambia maneno hayohayo, naye akapita. Fimbo ikashuka. Nilibaki kando ya lori na mkoba wa mwanamke begani, najivuna hata sijui kwa nini.

Hivyo ndivyo desturi ilivyoanza. Kabla wiki haijaisha ulikuwa umewapanga wazazi zamu, kina mama na kina baba, hata yule muuza miraa wa kutoka Meru ambaye hakuwahi kuliona jua likichomoza. Kila familia ilete mtungi wa maji, maana mfereji wa shule ulikuwa ukikohoa hewa tupu. Kibuyu chirizi cha kunawia mikono kikatundikwa langoni, na sabuni ndani ya kipande cha wavu mbuzi wasiile. Na mzazi wa zamu, awe nani, asimame nje kwanza mpaka mtoto wa kwanza kufika ampime na kumwambia mzima, pita. Watoto walianza kuamkia alfajiri, wakishindania kuwa wa kwanza. Mara nyingi alikuwa Akiru.

Mimi nilikaa upande wa pili wa barabara, na unajua sababu. Jioni moja niliporudi kutoka Sericho, mgongo umekatika na kichwa kimejaa vumbi, nikakukuta unakohoa kwa uchovu huku unapanga zamu za wiki inayofuata, nilikasirika. Nilikuambia mtoto wetu ni mmoja na mapafu yako ni mawili, huwezi kuyagawia shule nzima. Nikasema kila mzazi na achunge wake.

"Mkono mmoja haulei mwana, Baba Nasra," ukanijibu bila kuinua macho. "Na wako uko kwenye usukani."

Nilienda kulala bila kula. Ulikuwa na ulimi, Mungu akurehemu.

Asubuhi ile ya mwisho niliiona yote kupitia kioo cha lori. Usiku ulikuwa umekohoa ukasema ni vumbi langu nililoleta. Akiru alikuwa wa kwanza, kama kawaida yake. Ulinyoosha mkono, akakupima, na nikaona taa ya kidude inageuka nyekundu. Akapima tena. Nikaona mtoto anarudi hatua nyuma, analiangalia lango, anakuangalia wewe. Aliyoyasema sikuyasikia, Nasra ndiye aliyenisimulia. Alikuambia, "Mama Nasra, wewe usipite."

Ulitikisa kichwa kukubali. Ukainua mikono yote miwili, watoto waliokuwa wanakukimbilia wakasimama mbali, ukamwita Nasra arudi nyumbani nasi. Nilikufungulia mlango wa mbele, ukakataa. Ulipanda nyuma ukakaa juu ya turubai peke yako, ukaniambia nifungue madirisha yote. Niliendesha polepole kuliko nilivyowahi kuendesha, nikikuona kiooni umeshika bomba la lori, umefumba macho.

Yaliyofuata unayajua, na mengine huyajui. Hukujua kwamba hospitalini walinizuia mlangoni. Hukujua kwamba nilikusalia nikiwa mbali, na waliokuteremsha kaburini walikuwa wamejifunika mpaka macho, hata sikujua ni nani wa kumshukuru. Nilikukasirikia, Mama Nasra. Nilisimama pale nikasema moyoni, umeona sasa? Nani alikuwa na haki?

Shule walikuja kutoa pole, wakakaa mbalimbali uani. Zamu ya familia yetu ilipofika tena wakatuma mtu aulize, kwa adabu, kama ningeweza kusimama. Nikawajibu familia hii imeshatoa zamu zake zote. Hawakuuliza tena. Nasra nikawa namshusha kwenye kona, kabla lango halijaonekana.

Muhula ukaisha, mwingine ukaanza. Kisha mwezi huu, siku moja, Nasra alirudi kutoka kuteka maji akakaa kwenye ngazi ya lori nilipokuwa nafunga mzigo. Alikuwa na mtungi mtupu. Nikamuuliza maji yako wapi.

"Abo, baba yangu," akasema, "Akiru aliacha shule. Anasema ni yeye aliua Mama."

Alimkuta kwenye bomba la maji. Mwenzake alipomwona alitupa mtungi akakimbia, Nasra akamfukuza mpaka akamshika. Akiru akamwambia kwamba alikinyoosha kile kitu kwa Mama Nasra, kikalia, na Mama Nasra akafa. Kama baba yake. Tangu siku ile anachunga mbuzi wa nyanya yake nyuma ya uwanja wa ndege.

Nitakuambia ukweli kwa sababu wewe huwezi tena kunikatiza. Kwa muda mfupi, nikiwa nimeshika kamba ile, nilitaka iwe kweli. Miezi yote nilikuwa natafuta wa kumlaumu, na sasa analetwa mbele yangu mwenye jina na nyumba. Kisha nikakumbuka umri wake, nikakaa chini kando ya Nasra. Tukalia wote wawili, mchana kweupe, majirani wanaona.

Nilienda na lori, kwa sababu sijui kwenda mahali kwa kitu kingine. Nyanya yake alinikaribisha kwa wasiwasi, akadhani nimekuja kudai jambo. Akasema kwa Kiswahili chake, "Huyu mtoto hapana kula vizuri. Usiku naita babake, naita na mama yako." Nikaelewa mama yangu ndiye wewe. Akiru alikuwa amesimama nyuma ya boma la mbuzi, amerefuka, hanitazami. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, nikayakosa yote.

Basi nikachukua geji ya upepo kwenye kabati la lori. Nikamwita aje anisaidie kupima matairi, na pengine kwa kuwa ilikuwa kazi na si maneno, akaja. Nikampimia la kwanza, la pili akapima mwenyewe, akasoma namba vizuri. La nyuma lilikuwa na pancha ya polepole, mshale ukagoma kupanda. Nikamuuliza kama ni yeye aliyeutoa upepo ule.

Akatikisa kichwa.

"Si wewe umepima sasa hivi?"

"Ilikuwa imetoka kitambo," akasema. Akakigeuza kile kigeji mkononi. "Na ukipima ukute imeisha, unafanya nini?"

"Nasimamisha gari. Siendi nalo barabarani likaue watu."

Nikamwambia kwamba ugonjwa ulikuwa ndani yako tangu siku kadhaa, na wote tuliokuwa na macho hatukuuona, mimi niliyelala ubavuni mwako sikuuona. Nikamwambia kwamba foleni ilikuwa ndefu asubuhi ile, na hakuna mtoto hata mmoja wa foleni ile aliyeugua, kwa sababu yeye alisema usipite na wewe ukamsikia.

"Ulisimamisha gari, Akiru," nikasema. "Hiyo tu ndiyo uliyofanya."

Alikaa chini kwenye kivuli cha tairi akaweka uso kwenye magoti. Nyanya yake akataka kumwendea, nikamzuia kwa mkono. Sikumgusa mtoto wala sikumpa ahadi. Nilipoondoka nilimwambia tu kwamba Jumatatu nitakuwa langoni, na kwamba siwezi kuingia bila mtu wa kunipima.

Jumatatu nilifika mapema kuliko mwadhini, kama ungesema wewe. Mwalimu mkuu akanipa kidude, akatoa macho, akarudi ofisini. Nikasimama nje ya lango, mbele ya kibuyu chirizi chako, kile ambacho bado kina kamba ya pazia letu. Watoto wakaanza kufika. Wa kwanza akaninyooshea mkono apewe kipima joto, nikamwambia asubiri. Wa pili nikamwambia asubiri. Foleni ikarefuka mpaka barabarani. Muuza miraa akapita akaniuliza kama shule imefungwa tena. Kengele ililia, na mwalimu mkuu akatoka kuangalia kuna nini, watoto wote wakiwa nje wakiniangalia mimi. Nasra peke yake hakuniangalia. Yeye alikuwa anaangalia barabara ya uwanja wa ndege.

Nilikuwa karibu kukata tamaa. Nilikuwa nimeshaanza kumnyooshea mtoto wa kwanza kile kidude.

Walikuja wawili, nyanya mbele na mtoto nyuma, sare imembana mabegani. Watoto walimpisha bila kuambiwa. Nikapiga magoti, na magoti yangu unayajua, yalilia mtaa mzima ukasikia. Nikampa kipima joto, nikakunja mkono wa shati.

Alikishika kwa mikono miwili kama siku ile. Nikaona anayatazama macho yangu, si mkono. Nikahofia angekiangusha akimbie, na akikimbia leo harudi tena. Nilitaka kumwambia neno, nikakumbuka wewe hukumwambia kitu siku ile, ulingoja tu. Nikangoja. Akabonyeza. Akasoma, akafuta macho kwa kiwiko, akasoma tena ili awe na hakika.

"Mzima," akasema. "Pita."

Mama Nasra, lango lile nililipita. Kwanza nililitazama kutoka ng'ambo ya barabara, kisha nikalikwepa kabisa, Jumatatu ile nikalipita kwa ruhusa ya mtoto, nikageuka, nikaomba mkono wake.

Bado nasema nilikuwa na haki. Ningekufungia nyumbani, ungekuwa hapa ukinigombeza, nami ningekuwa mtu mwenye furaha. Lakini najua pia nani angekuwa amepiga magoti mavumbini mpaka leo. Mambo hayo mawili siwezi kuyapatanisha, nimeacha kujaribu. Zamu yetu ni Jumatatu. Safari za Biliqo nimezisogeza Jumanne, na wenye mizigo wananung'unika, acha wanung'unike.

Mungu akupanulie kaburi na akutie nuru. Na sasa lile neno nililoliweka kando, maana sikutaka kukuandikia kabla sijalithibitisha. Mimi ni mzima. Nimepimwa.

Mumeo,
Baba Nasra