Fimbo ya Mama Imekauka

Baba,

Nakuandikia nikiwa huku Ruiri. Bado nachimba mitaro ya mabomba ya maji, na mgongo hauniachi. Shule niliiacha mapema, unajua, kwa hivyo vumilia mwandiko.

Magoti ya Mama yamechoka. Alinipigia simu akasema, "Nichongee fimbo kama ile ya baba yako." Nikamwambia nitachonga.

Nilipokuja nyumbani kupalilia, nilichagua shina moja kwenye kahawa yako ya zamani, lililokomaa, lililonyooka kwa kutafuta jua. Nililing'oa na kipande cha mzizi, kiwe kichwa cha kushikia. Sikulimenya gome. Nililipaka mafuta ya ng'ombe ncha zote mbili lisipasuke, nikaja nalo huku, nikalilaza juu darini kivulini. Miezi mitano sasa. Mama ananiuliza, "Kwani hiyo fimbo inakuja kwa miguu?" Namwambia bado haijakauka.

Fimbo yako wewe sikuisubiri ikauke. Nilikuwa na siku tatu za ruhusa, nikataka Jumapili uende nayo kanisani watu waone. Nikaimenya siku ileile niliyoikata, nikaianika juu ya mabati. Ulipita ukasema, "Mti hauharakishwi kama chai." Nikacheka.

Jumamosi niliona ufa chini ya kichwa, mwembamba kama unywele. Niliuziba kwa nta ya mshumaa, nikapaka rangi ya viatu juu. Hukuuona. Uliwaambia wazee wa kanisa, "Huyu kijana wangu ana mkono wa ufundi."

Ikakatika ukivuka lile daraja la magogo, nayo nyonga yako ikavunjika. Hukutembea tena mpaka tukakuzika. Watu walisema ni utelezi. Na wewe kitandani ulisema hivyohivyo, "Ni utelezi tu."

Lakini Baba, kipande cha ile fimbo kilikuwa kitandani, chini ya mto wako wa kulalia. Nilikikuta siku ya kutoa godoro. Nta ilionekana wazi pale kilipokatikia. Ulijua.

Leo nimeigonga ya Mama kwa ukucha, inalia kavu. Nimeimenya polepole, nimeikwangua kwa kigae cha chupa, nimeiegemea kwa uzito wangu wote. Imenibeba.

Mwisho wa mwezi naipeleka mwenyewe. Na kabla Mama hajaishika, nitamwambia habari ya ile nta. Akiikataa fimbo, nitaiegemeza mlangoni nirudi kwenye mitaro.

Pumzika, Baba. Ulinibebea hilo mpaka kaburini. Nakutua mzigo huo.

Mwanao