Valvu kwenye Kikaango cha Vitumbua

Kimara, Jumapili

Nusura nipayuke leo. Wiki nzima nasaga valvu za injini ya gari la marehemu baba, kila moja na tundu lake, nazipanga kwenye trei la mayai. Zikichanganyika, kazi yote imekufa. Narudi kutoka dukani, trei limejaa mayai!

"Mama Nasra, valvu zangu?"

"Kwenye kikaango cha vitumbua, mume wangu. Nimezihamisha moja moja, kwa mpangilio uleule. Ya mwisho imekosa nafasi, iko kwenye kikombe."

Sikuamini. Nikazirudisha kwenye silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, nikamimina mafuta ya taa kwenye njia za hewa nilizozipanua, nione kama kila valvu inaziba tundu lake. Halikuvuja hata tone. Injini itavuta hiyo!

Gasketi ya kuziba kati ya hedi na injini ndiyo bado inanitia hofu.

Kikaango nimekisugua mwenyewe. Bado kinanuka oili. Kesho nitakula vitumbua, na nitasema vitamu.