Fensi ya Mzee Koech Inapiga Haraka

Jumapili, Elburgon. Baridi, mawingu yamelalia msitu tangu asubuhi, na mimi siwezi kukaa kwenye kiti dakika mbili.

Jana nilitengeneza mashine ya fensi ya stima ya Mzee Koech. Ndani yake kuna osileta, saketi ndogo inayojipigia yenyewe: kapasita, kikopo cha kuhifadhi umeme, inajaa, inajimwaga, inajaa tena. Kila ikijimwaga, waya unapata pigo moja. Pigo moja tu kwa sekunde, ili ng'ombe au mtu aliyeushika apate nafasi ya kuuachilia.

Kapasita inayofaa sikuwa nayo. Niling'oa ndogo kwenye redio mbovu, nikajiambia itafanya. Misumeno ya kiwanda cha mbao ilikuwa inanguruma. Nikasikia tak, tak, nikafunga kifuniko.

Sikuhesabu.

Leo kanisani tuliinamisha vichwa tuombe, nikabaki kusikiliza saa ya ukutani. Hiyo nayo ina osileta yake, kijiwe kinachotetema ndani ili mshale usogee. Tak. Tak. Nikakumbuka mlio wa jana. Mashine ya jana ilikuwa inapiga mara tatu kabla ya saa hii kupiga tak moja. Kapasita ndogo hujaa upesi, na mimi najua hivyo tangu nikiwa mwanafunzi.

Nilimpigia mzee, simu imezimwa. Sikungoja sadaka. Nilishuka shambani na viatu vya kanisa, matope hadi kwenye vifundo, nikimuwaza mkewe, ambaye stima ikipotea huanika nguo kwenye ule waya, nayo hurudi bila taarifa.

Nilimkuta mzee kando ya fensi na redio yake ndogo, kama watu wa hapa wanavyofanya ili wasikie kama waya una stima, maana kila pigo huikwaruza redio. Ilikuwa inakwaruza mfululizo.

"Skia, fundi! Tangu jana inapiga mbaya sana. Ng'ombe hata haikaribii hapa."

Nilizima swichi kabla ya kumsalimia. Nikamwambia naichukua niiangalie kidogo tu.

"Fundi mwenye anarudi bila kuitwa, ni wewe tu nimeona," akasema, akanipa chupa ya maziwa.

Nikapokea. Nikasema asante!

Sasa mashine iko mezani, maziwa kando yake, na sijayagusa. Naona aibu hata kuyachemsha. Kesho nitanunua kapasita ya kweli, nitahesabu mapigo kwa saa, nitairudisha. Hiyo ndiyo kazi rahisi. Lakini kabla sijaifunga, nitamwita mke wa mzee naye asikie: ule waya wake wa nguo ungemshika usimwachilie, na ni mimi niliyeufanya hivyo, kwa haraka zangu.